Makaburi Yasiyo na Saruji

Sitasema ni halmashauri ipi. Karagwe na Kyerwa zimepakana, watu wake wanaoana na kuzikana, na ofisi zake zinafanana hadi rangi ya madirisha. Atakayejitambua humu, ajitambue mwenyewe. Itoshe kusema kwamba kibanja cha mama yangu kiko kando ya barabara kubwa. Nilipokuwa mtoto palipitwa na ng'ombe na baiskeli za kahawa tu. Sasa pana duka la mabati, mashine ya kukoboa, na kituo cha bodaboda ambapo wanajua safari zako kuliko wewe mwenyewe.

Simu ilinikuta Kahama. Nilikuwa napika kwenye kantini ya mafundi wa barabara. Kabla ya Kahama nilikuwa Mpanda, na kabla ya Mpanda nilikuwa Kasulu. Tangu nimalize kidato cha nne, na sasa nimevuka arobaini, sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Watu wa nyumbani wamechoka kuniuliza kwa nini. Nikikaa mahali hadi muuza mboga ajue ninachotaka kabla sijafungua mdomo, miguu inaanza kuniwasha. Na bado, kila nilikopanga chumba nimekuwa nikinunua ndizi za kupika na kuzitukana kwamba si za kwetu: ngumu, hazishiki mchuzi, hazina harufu. Ndivyo nilivyoishi, mtu wa kuondoka ambaye moyo wake haujawahi kufunga mizigo.

Siku hiyo mama hakunisalimia.

"Kuna vijiti vimechomekwa kichwani pa baba yako," alisema.

"Vijiti gani?"

"Vimepakwa rangi nyekundu. Viko vinne, vimenyooka."

"Nani kavichomeka?"

"Watu wa halmashauri. Walikuja na jirani."

"Wakasema nini?"

"Wakasema shikamoo."

Nikavua aproni. Kesho yake nilikuwa njiani.

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo, kwa sababu ubishi wote uliofuata umesimama hapa. Sisi tunazika kibanjani. Mtu anazaliwa kwenye migomba, anakula migomba hiyo, akifa anarudishwa humo humo, hatua chache kutoka mlango wa nyuma, mahali ambapo mjane anaweza kupita asubuhi akienda kukata mkungu. Kwenye kibanja chetu kuna makaburi matatu yaliyopangana: la bibi mzaa baba, la baba, na katikati yao dogo la mtoto aliyenitangulia mimi kuzaliwa, ambaye hakufikisha mwezi. Hakuna hata moja lililojengewa. Baba alikataza. Alisema hataki kufunikwa na saruji kama tangi la maji, anataka migomba imfikie. Kwa hiyo kichwani pa kila kaburi pamepandwa omuramura tu, ule mmea wa majani marefu membamba usiokufa hata ukiutupa jalalani.

Sasa, omuramura huo huo ndio tunaopanda mpakani. Kati yetu na jirani ulikuwepo mstari mzima, hatua saba mbele ya makaburi. Mtaro wa bomba la maji ulipochimbwa miaka ile, ukang'oa mimea yote isipokuwa shina moja lililobaki kichakani. Hakuna aliyehangaika kupanda upya. Mpaka tulikuwa tunaujua.

Jirani yetu ni wa rika langu. Tulichota maji pamoja, tukachapwa fimbo pamoja. Baadaye yeye alibaki, akanunua kahawa za watu, akanunua gari, kisha akaamua kujenga nyumba ya wageni yenye ghorofa moja na ukumbi wa sherehe. Aliomba halmashauri kibali. Kwa hilo simlaumu. Mtu akiwa na nguvu ajenge. Mtaalamu alikuja kupima, mtu wa mbali asiyejua Kinyambo, akauliza mipaka ya huku inatambulikaje. Akaambiwa, fuata omuramura. Akafuata. Akakuta mitatu imepangana safi, akapiga mstari juu yake, akaondoka. Kwenye karatasi baba yangu, bibi yangu na yule mtoto walikuwa wamehamia kwa jirani, na juu yao paliandikwa MAEGESHO.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama?" nilimuuliza nikiwa hata sijaweka begi chini.

"Nilikuwa hapa hapa."

"Wanapima, wewe unaangalia?"

"Nilikuwa ndani. Ningetokaje nikasimame mpakani na mtoto niliyembeba mgongoni, tunaoneshana hapa pako, hapa pangu? Kwani nimegombana naye?"

Kisha akanisimulia habari ya kidole, akiangalia pembeni. Jumapili moja baada ya ibada jirani alimletea kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, amezifunga kwenye jani kavu la mgomba kama wazee. Wakakaa. Wakatafuna. Akamuuliza habari ya mguu unaomsumbua. Halafu akatoa karatasi na kidau cha wino, akasema, "Mama, naomba unithibitishie hapa kwamba mimi ni jirani yako."

"Nikabonyeza," mama alisema. "Ningesema siyo? Na kahawa yake iko mdomoni?"

Karatasi hiyo niliiona baadaye. Juu yake, kwa herufi kubwa: RIDHAA YA JIRANI. Chini, kidole cha mama, kimetulia kama mhuri wa chifu. Mama yangu anasoma kitabu chake cha nyimbo za Kilutheri bila kukosea hata ubeti, lakini siku hiyo miwani ilikuwa chumbani na hakuona sababu ya kuifuata. Kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu hukagui karatasi yake.

Nilikwenda halmashauri kwa mguu, kama nilivyokuwa nikienda shule. Afisa ardhi alinipokea vizuri. Ni mtu mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na vumbi, sijui anavisafishia wapi.

"Pingamizi lilitakiwa ndani ya siku thelathini tangu tangazo," alisema. "Leo ni siku ya thelathini na nne."

"Tangazo lilibandikwa wapi?"

"Ubaoni."

"Ubao upi?"

"Wa hapa nje, dada. Ubao tunao mmoja."

Nikatoka kuutazama. Kulikuwa na tangazo la chanjo ya kuku, orodha ya vikundi, na karatasi kubwa ya ligi ya kugombea mbuzi. Tangazo la jirani sikuliona. Nikanyanyua karatasi ya ligi kwa vidole viwili, na lile tangazo likawa chini yake, limebanwa na pini zile zile. Nikalisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikairudisha ligi mahali pake, maana wachezaji hawakuwa na kosa.

"Tangazo lenu limefunikwa na mbuzi," nikamwambia afisa.

Hakucheka. Alifungua faili, akanionesha kidole cha mama, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe, dada, ni nani kwenye eneo hili?"

Nimeulizwa swali hilo na walinzi, na wenye nyumba, na maofisa wa uhamiaji pale Kabanga waliodhani nimetoka ng'ambo. Halijawahi kunichoma kama siku ile. Nilijibu kwamba mimi ni mtoto wa yule anayelala kwenye maegesho. Akaandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini.

Jirani alinisubiri barabarani jioni hiyo, ameegemea gari lake.

"Karibu nyumbani, dada. Safari hii umekuja kwa siku ngapi?"

"Kwa siku zitakazohitajika."

"Usiniharibie kazi. Wewe ni mtu wa kupita. Mwezi ujao utakuwa Sumbawanga huko, unakaanga samaki. Paa la mama lilipoezuliwa na upepo, nani alipanda juu? Alipovunjika mguu, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la nani?"

"Lako."

"Basi."

"Ahsante kwa gari. Mpaka uko palepale."

Nikaingia ndani. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa. Nilikosa paa, nilikosa mguu, nilikosa misiba miwili ya ukoo kule Kamuli anakotoka mama. Lakini nilijiambia hivi: mtu anaweza kukosa yote hayo na bado akajua baba yake amelala wapi.

Nikaandika barua. Shuleni nilikuwa hodari wa barua rasmi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitupigisha mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula, na asiye na rula alitumia ukingo wa daftari, na mstari ukipinda unaanza upya ukurasa mzima. Nilikaa kwenye meza ile ile niliyosomea, yenye alama ya moto wa kibatari, nikaandika nakala tatu kwa mkono. Yah: Kupinga mpaka uliopita juu ya makaburi. Niliueleza mstari wa zamani, mtaro wa bomba, shina lililobaki, na mbuzi. Sikuomba radhi kwa kuchelewa.

Mama wa masjala, mpokea barua, aliishika kwa ncha ya vidole.

"Ya mkono? Siku hizi watu wanachapa."

"Wanaochapa wanajibiwa?"

Akanitazama, kisha akacheka hadi akavua miwani. "Lete nakala yako nikugongee mhuri," akasema. "Na usiipoteze. Humu karatasi zina miguu."

Barua hiyo ya kwanza ilipotea kweli. Nikaandika ya pili, nikaambiwa iko mezani kwa mkubwa. Nilipofuatilia ya tatu, mkubwa alikuwa Dodoma kwenye kikao. Kila wiki nilikwenda Jumanne, kwa sababu Jumanne si siku ya gulio na mtu hana kisingizio cha msongamano. Nilikaa kwenye benchi, nikamenya karanga, nikasalimia kila aliyeingia. Wafanyakazi walianza kuniita Dada Jumanne. Wengine walidhani nimeajiriwa.

Wakati mimi nakaa benchi, kibali kilitoka. Sikuambiwa. Niliona lori limemwaga mawe kwa jirani, na siku mbili baadaye nikasikia kutoka kituo cha bodaboda kwamba greda la kusawazisha maegesho litakuja Alhamisi asubuhi.

Mama aliposikia hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Greda linachimba kwenda chini kiasi gani?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Nimepikia mafundi wa barabara miezi minane, naijua kazi ya greda.

Alhamisi kabla jua halijatoka vizuri nilihamishia jiko kwenye makaburi. Sikupanga maandamano, wala sikuita mtu wa redio. Nilichukua mafiga matatu, sufuria kubwa, kisu, maharage yaliyolowekwa na mkungu mzima wa ndizi, nikakaa hatua mbili mbele ya omuramura wa baba, ndani ya zile hatua saba wanazosema si zetu, nikaanza kumenya. Mama akaja na mkeka. Akakaa kichwani pa yule mdogo, mahali ambapo sijawahi kumuona akikaa, akanyoosha mguu wake mbaya.

"Weka chumvi kidogo," akasema. "Huko unakozunguka wamekuharibu."

"Mama, greda linakuja, wewe unasema chumvi."

"Litakuja litukute tunakula kitu cha kuliwa."

Greda lilikuja na moshi wake. Dereva alikuwa mtu mzima wa Kihanga, mwenye kofia ya sufu juani. Alizima mashine, akashuka, akatazama karatasi aliyopewa, akatazama vijiti vyekundu, akatazama mimea mitatu, akanitazama mimi na sufuria. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndizi."

"Hapa wamelala wangapi?"

"Watatu."

Akaguna. Akamgeukia jirani, ambaye alikuwa ameshafika na funguo mkononi. "Mzee, mimi silimi makaburi."

"Hayo ni mpaka," jirani alisema. "Angalia ramani."

"Mpaka gani huo wa mimea mitatu inayoachana hatua nne nne, na migomba iliyonona namna hii? Mzee, wewe si mgeni wa kutoka Rukwa. Wewe ni wa hapa. Mimi nimeona nikiwa juu ya usukani, bado niko barabarani."

Dereva akakaa kwenye mkeka, akala sahani mbili, akasema maharage yanahitaji moto zaidi, akawasha greda akaenda zake. Nimekaa halmashauri Jumanne saba nikieleza kitu ambacho mtu mwenye kofia ya sufu alikiona kwa sekunde moja.

Hapo ndipo ofisi ilipoamka. Pingamizi langu lilikuwa la kupuuzwa, lakini greda lililogoma lilikuwa tatizo. Jumatatu iliyofuata afisa ardhi alikuja mwenyewe, viatu safi, na faili kwapani. Jirani alikuwepo. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama nyuma yake.

"Bibi, shikamoo. Nioneshe makaburi."

"Marahaba. Umesimama kwenye miguu ya mama mkwe wangu."

Afisa akarukaruka hadi upande wa pili. Akatua kwenye baba.

"Na hapo ni mume wangu."

Nilijing'ata shavu. Afisa alirudi nyuma hadi kwenye kinyesi cha kuku, akafungua faili kwa heshima mpya.

"Bibi, tatizo hayaonekani. Hakuna alama. Mngekuwa mmejengea, hata tofali mbili na lipu, mpimaji angeyaona. Sasa nawashauri hivi: jengeeni wiki hii. Nikirudi nitayaandika kwamba yapo."

Ulikuwa ushauri mzuri kwa maana ya ofisi. Hata mimi kwa sekunde moja niliona mlango. Saruji ilikuwa inauzwa ng'ambo ya barabara.

"Mume wangu alisema asifunikwe," mama alisema.

"Ni kwa faida yenu, bibi."

"Nimfunike yeye ili wewe uone? Wewe si una macho? Anayetakiwa kuona ni wewe. Yeye kazi yake ameshamaliza."

Afisa akainamia faili. Mama akamgeukia jirani. Hakumwambia kwa Kiswahili. Alimwambia kwa Kinyambo, polepole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akituitia tukale, yeye na mimi, tulipokuwa wadogo. Alimuuliza: siku tulipomzika huyu, jembe la kwanza alishika nani?

Kwetu wenye msiba hawachimbi. Jirani ndiye anayechimba. Wafiwa wanakaa ndani na majirani wanaingia kibanjani na majembe, na anayeanza ni wa mpaka mmoja nawe. Mimi siku ile nilifika nimechelewa, nikitokea Kigoma na vumbi lote, nikakuta udongo umesharudishwa. Sikumuona aliyechimba. Sikuwahi kuuliza.

Jirani alizungusha funguo kwenye kidole. Zikaanguka. Hakuziokota.

"Nilishika mimi," alisema. Halafu kwa Kiswahili, akimwambia afisa: "Nilichimba mimi. La mzee. Yapo hapa. Hilo la mtoto alichimba baba yangu."

"Sasa kwa nini ulikubali ramani?" nilimuuliza.

"Ilikuja imeshachorwa, dada. Ina mhuri. Nikasema labda wataalamu wanajua."

"Wanajua kuliko jembe lako?"

"Niache basi. Nimeshasema."

Alisema maegesho atayapeleka upande wa pili, kwenye mikaratusi yake. Afisa alifunga faili kwa furaha. "Mmeelewana. Ujirani mwema. Yaishe."

Mama alikuwa tayari yaishe. Jirani alikuwa ameshainama kutafuta funguo zake. Mimi ndiye niliyesema hapana, na jioni hiyo, tulipomaliza kula, mama akataka nimweleze kwa nini.

Nilimweleza hivi. Kwenye karatasi yenye mhuri, baba bado yuko kwa jirani. Jirani ana watoto watano, na hata mmoja hajashika jembe hapa. Siku moja watauza. Atakuja mnunuzi na karatasi, na karatasi itakuwa inasema MAEGESHO, na wewe hutakuwepo kuuliza nani alichimba. Huyu afisa naye atahamishwa, wanahamishwa kila siku. Neno la leo litahama naye.

"Na wewe utakuwa wapi?" mama aliuliza.

Nikakusanya sahani nikaenda kuziosha.

Nikarudi kwenye benchi. Jumanne ya nane, ya tisa. Afisa alisema marekebisho ya ramani lazima yaombwe na mwenye maombi, yaani jirani. Jirani alisema yeye ameshahamisha maegesho yake, karatasi hazimuhusu. Niliandika barua ya nne, na safari hii sikulalamikia jirani hata kwa neno moja. Niliilalamikia halmashauri yenyewe: kwa ubao mmoja, kwa kidole kilichochukuliwa bila kusomewa mtu, kwa mstari uliopigwa na mtu asiyeuliza, kwa barua tatu zisizojibiwa, na kwa kutaka wafu wajisogeze ili ramani isisumbuliwe. Nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula. Mama wa masjala aliisoma yote palepale, jambo ambalo nadhani haruhusiwi, akaigonga mhuri mara mbili.

Jumanne ya kumi na moja nilikwenda na mama. Alitaka mwenyewe. Alipanda bodaboda kwa upande, amevaa kitenge cha ibada, amemshika dereva bega kana kwamba ndiye anayemfundisha kuendesha. Afisa alipotuona wote wawili mlangoni alivuta pumzi ndefu, akatoa ramani kwenye mrija wake, akaitandaza mezani.

"Basi naweka alama," alisema. "Mridhike."

Akachukua penseli, akachora misalaba mitatu midogo mahali palipoandikwa MAEGESHO.

"Kwa wino," nikasema.

"Dada, hii ni nakala ya ofisi."

"Ndiyo maana. Penseli inafutika."

"Saa za kazi zinakaribia kwisha."

"Sina safari."

Alitafuta kalamu kwenye droo, akakosa, au akajifanya amekosa. Mama wa masjala akaingia bila kuitwa na kumwekea mezani kalamu nyeusi ya wino. Akapiga misalaba juu ya penseli, akafuta neno MAEGESHO kwa mstari mmoja, akasogeza mpaka hatua saba, akaandika MAKABURI na sahihi yake. Nikamwomba mhuri. Akagonga.

Halafu, labda kwa kutaka kutukomoa, labda kwa kuwa ndivyo fomu yao inavyotaka, akauliza: "Majina?"

Nikataja la bibi. Nikataja la baba. Kalamu ikasimama kwenye msalaba wa katikati. Nimeishi miaka yote hii nikimwita yule mdogo tu. Sikuwahi kufikiri kwamba aliitwa kitu.

Mama akasogeza kiti karibu na meza. Akamtajia herufi moja moja, akiangalia kalamu isikosee, na ilipokosea akamwambia akate aandike upya, na afisa akafanya hivyo.

Ndivyo nilivyolijua jina la ndugu yangu, kwenye ofisi ya ardhi, Jumanne, mbele ya mtu mwenye viatu safi. Mpaka leo hawajanijibu barua hata moja, na bado nakwenda kudai majibu. Jina sitaliandika hapa. Lipo kwenye ramani ya halmashauri, kwa wino, juu ya ardhi yetu. Anayetaka kulijua aende akaombe faili, na akiambiwa halionekani, akae kwenye benchi asubiri.